Mizani ya Damu: Habari za Kipimo Kilichozaliwa Bronx

Katika Bronx, upande wa kaskazini wa jiji la New York, ipo hospitali ambayo serikali ya Marekani iliitenga kwa ajili ya kuwatibu askari wake waliotoka vitani, na ndani ya hospitali hiyo, mwezi wa Desemba 1947, mwanamke mmoja mwenye elimu ya fizikia alipewa chumba kidogo kilichokuwa stoo ya mfagiaji, akaambiwa aanzishe humo kazi ya kutumia vitu vyenye mnururisho katika utabibu. Hakikuwa chumba cha kumtia mtu fahari, wala mwenyewe hakuwa tabibu, na vyombo vya kazi ile vilikuwa adimu madukani hata ikambidi vingine avibuni na kuviunda kwa mikono yake. Jina lake aliitwa Rosalyn Yalow. Kutoka katika chumba hicho, kwa kazi yake na ya mwenziwe Solomon Berson, ndipo ulipotoka ustadi wa kupima homoni katika damu ya mwanadamu kwa kutumia kinga ya mwili. Na kwa kuwa leo maelfu ya watu hunyosha mkono wakatolewa damu, wakarudishiwa karatasi yenye tarakimu, wala wasijue tarakimu zile zimepatikanaje, nimeona si vibaya kuieleza asili ya jambo hilo tangu mwanzo wake.

Kabla ya habari ya Bronx yatupasa kwanza kukumbuka kwamba elimu ya damu ilikuwa na matawi mawili yaliyoota mbalimbali. Tawi la kwanza lilikuwa la wale waliotafuta ni nini kinachosafiri ndani ya damu kikapeleka amri kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo, na baadhi yao akawapandikizia tena korodani ndani ya tumbo, mahali zilipokatika kabisa na mishipa yake ya asili. Akaona majogoo hao wakiendelea kuwika, kupigana na kuota vilemba vyekundu, hali wenzao waliokosa korodani vilemba vyao vilisinyaa. Akahukumu kwamba hapana shaka korodani zinatia kitu katika damu, na damu ndiyo inayokieneza. Hukumu hiyo ilikaa zaidi ya nusu karne pasipo mtu wa kuijali sana, mpaka Ernest Starling wa London alipovipa vitu hivyo, mwaka 1905, jina la homoni. Kisha mwaka 1921 na 1922, katika mji wa Toronto, Frederick Banting na wenziwe walifanikiwa kuitoa insulini katika kongosho, na wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakingoja mauti wakaanza kuishi kwa sindano.

Tawi la pili lilikuwa la wale walioichungua damu kwa sababu ya maradhi ya kuambukiza. Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba mnyama aliyetiwa sumu ya pepopunda kidogo kidogo, maji ya damu yake hupata nguvu ya kuibatilisha sumu hiyo, na nguvu hiyo yaweza kuhamishwa kwa mnyama mwingine. Kitu chenye nguvu hiyo ndicho tukiitacho leo kingamwili, na sifa yake kubwa ni kwamba ni nadra kukosea: kingamwili iliyotungwa kwa ajili ya kitu fulani hukishika kitu hicho, ikaviacha vingine elfu vinavyoelea pamoja nacho. Wanazuoni wa homoni na wanazuoni wa kinga walikuwa na vitabu vyao, mikutano yao na mabingwa wao, wala hapakuwa na sababu iliyowalazimisha kukutana.

Sababu ilikuwapo, ila haikuonekana. Nayo ni kwamba wanazuoni wa homoni walikuwa na dhiki moja kubwa. Walizijua homoni kwa kazi zake, lakini hawakuwa na mizani ya kuzipimia. Chukua insulini: ukiigawa gramu moja mafungu bilioni moja, basi insulini yote iliyomo katika mililita moja ya maji ya damu ya mtu mzima ambaye hajafungua kinywa haifikii hata fungu moja, nayo imechanganyika na protini nyingine zilizo nyingi kuliko yenyewe kupita kiasi. Hakuna njia ya kikemia ya siku zile iliyoweza kufika huko. Iliyobaki ilikuwa ni kukisia kwa matendo: watu walichukua msuli wa kiwambo wa panya, ule utenganishao kifua na tumbo, wakauweka katika chupa pamoja na damu ya mgonjwa, wakatazama msuli umekula sukari kiasi gani. Kipimo cha namna hiyo kilikuwa na taabu nyingi na majibu yenye kuyumba, na vitu vingine ndani ya damu viliweza kuuhadaa msuli ukadhani umepata insulini.

Sasa turudi kwa yule mwanamke. Rosalyn Sussman, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa New York tarehe 19 Julai 1921, kwa wazazi Wayahudi ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyefika shule ya sekondari. Alisoma Hunter, chuo cha wanawake kilichokuwa hakitozi ada, na mwaka 1939 alikaa katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Columbia akimsikiliza Enrico Fermi akieleza habari za kupasuka kwa kiini cha atomu, jambo ambalo wakati huo lilikuwa jipya kabisa duniani. Lakini msichana wa Kiyahudi asiye na mali hakutarajiwa kupata nafasi ya shahada ya juu ya fizikia, hivyo akashauriwa aingie kwa mlango wa uani: ajifunze hati mkato, awe mwandishi wa mwanasayansi mmoja wa Columbia, pengine kwa njia hiyo ataruhusiwa kuhudhuria masomo. Akaanza kujifunza. Punde si punde Chuo Kikuu cha Illinois kikamwita, kwa kuwa vijana wanaume walikuwa wakichukuliwa jeshini na viti vimebaki vitupu. Naye akavichana vitabu vyake vya hati mkato. Huko alijikuta mwanamke peke yake kati ya walimu na wasaidizi 400 wa kitivo cha uhandisi. Imekuja katika maelezo yake mwenyewe kwamba alipopata alama za juu katika masomo yote, isipokuwa moja la maabara ambalo alama yake ilipungua kidogo tu, mkuu wa idara alisema kwamba upungufu huo ni ushahidi kuwa wanawake hawafai kwa kazi ya maabara. Bwana yule hakujua alikuwa akimhukumu nani.

Mwaka 1950, alipoacha kufundisha katika chuo chake cha zamani cha Hunter na kuingia katika ile hospitali ya Bronx kwa kazi ya siku zote, aliona kwamba fizikia peke yake haimtoshi, na kwamba anahitaji tabibu wa kushirikiana naye. Akaletewa Solomon Berson, kijana aliyezaliwa New York mwaka 1918, mpiga fidla na mcheza sataranji, ambaye katika ujana wake alikataliwa na vyuo vya utabibu 21 kabla ya kupokewa na Chuo Kikuu cha New York. Mmoja alijua hesabu na mnururisho, wa pili alijua mwili wa mwanadamu. Na kwa muda wa miaka 22 walifundishana hata ikawa taabu kujua wazo hili lilianza kichwani mwa nani. Hawakuwa na watumishi wengi wala fedha nyingi, bali walikuwa na wagonjwa, walikuwa na iodini yenye mnururisho, na walikuwa na ada ya kubishana mchana kutwa.

Fikira iliyowafikisha kwenye ugunduzi wao haikuwa yao, na zaidi ya hayo, ilikuwa na makosa. Tabibu mmoja, I. Arthur Mirsky, alidhani mwaka 1952 kwamba watu wanaopata kisukari ukubwani kongosho zao hazina upungufu, ila insulini yao huharibiwa upesi mno na kimeng'enya kilichomo katika ini. Ilikuwa dhana ya maana, yenye kupimika, na Yalow na Berson walikuwa na chombo cha kuipimia: wangeitia insulini alama kwa iodini yenye mnururisho, wakawadunga watu nayo, kisha wakatoa damu kila baada ya muda na kuhesabu alama iliyobaki. Kama Mirsky amesema kweli, basi insulini yenye alama itatoweka upesi katika damu ya wenye kisukari kuliko katika damu ya wasio nacho.

Yaliyoonekana yalikuwa kinyume chake. Katika damu ya wenye kisukari insulini ilikawia kutoweka. Mtu mvivu angaliandika kwamba dhana ya Mirsky imebatilika, akaenda zake. Wao waliwatazama wagonjwa mmoja mmoja, wakaona kwamba hata baadhi ya watu wasio na kisukari insulini hukawia ndani ya damu yao vilevile, na watu hao walikuwa ni wagonjwa wa akili ambao, kwa desturi ya utabibu wa zama zile, waliwahi kudungwa insulini nyingi ili wazimie, ikidhaniwa kwamba kuzimia huko kutawaponya skizofrenia. Na mwenye kisukari ambaye hajawahi kudungwa insulini, kwake haikukawia. Basi kilichowatenganisha watu hawa hakikuwa kisukari, bali kilikuwa sindano. Insulini ya madukani ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwili wa mwanadamu, baada ya kuzoea kupokea kitu hicho kigeni kwa majuma mengi, ulikuwa umekitungia kingamwili, na kingamwili hizo ndizo zilizoishika insulini yenye alama zikaizuia isitoke katika damu. Ithibati waliipata kwa karatasi na umeme: tone la maji ya damu likiwekwa juu ya karatasi maalumu na kupitishiwa mkondo wa umeme, insulini iliyo huru hunata palepale ilipowekwa, na ile iliyoshikwa huchukuliwa pamoja na protini za kinga mpaka mbali, nayo mashine ya kuhesabu mnururisho ikaonyesha kila moja ilipo.

Hapa sina budi kusimama kidogo na kuwataja wale wagonjwa. Historia za sayansi hupenda kuwataja wenye maabara, na hata hii niandikayo haikuepukana na desturi hiyo, lakini damu iliyofundisha jambo hili ilitoka katika mikono ya wanaume na wanawake ambao majina yao hayatajwi, na baadhi yao walikwisha teswa na tiba ya kuzimishwa ambayo leo hakuna tabibu anayeitetea. Lau wasingalidungwa insulini ile bila ya faida, tofauti ile isingalionekana.

Makala ya kueleza jambo hili yalipoandikwa, jarida la Science liliyakataa. Wakayapeleka kwa jarida la uchunguzi wa kitabibu, ambalo mhariri wake naye aliyarudisha mwaka 1955 kwa barua iliyoeleza kwamba wataalamu waliyasoma na hawakukubaliana na hukumu yake. Itikadi iliyotawala ilikuwa kwamba kitu kidogo kama insulini, chenye amino asidi 51 tu, hakiwezi kuuamsha mwili utunge kingamwili; na itikadi ikishakaa katika vitabu vya shule huwa na walinzi wengi. Suluhu ikapatikana: neno la kingamwili liondolewe katika anwani, waseme tu kwamba ipo protini inayoishika insulini, na ndani ya makala waruhusiwe kuonyesha, kwa fasili ya kitabu cha kawaida cha elimu ya kinga, kwamba protini hiyo inatimiza masharti yote ya kuitwa kingamwili. Makala yakatoka mwaka 1956. Yalow aliihifadhi barua ya mhariri kwa zaidi ya miaka 20, na siku aliposimama Stockholm kutoa hotuba yake ya Nobel, aliwaonyesha wasikilizaji. Wengine wamemlaumu kwa kutosamehe. Mimi naona barua ile ilikuwa sehemu ya ushahidi wa kisayansi sawasawa na karatasi za maabara, maana ilionyesha jinsi jambo lilivyokuwa likifikiriwa kabla halijajulikana.

Kutoka hapo kuendelea mpaka kwenye kipimo chenyewe kulikuwa na hatua moja ya akili, na miaka mitatu ya kazi. Waligundua kwamba insulini isiyo na alama ikiongezwa, ile yenye alama hupungua katika kushikwa. Ndugu msomaji na afikiri dau lenye nafasi ishirini na pwani iliyojaa abiria, nusu yao wamevaa kilemba chekundu na nusu hawana; kama wote wana haki sawa ya kupanda, basi kadiri wasio na kilemba wanavyozidi kuongezeka ndivyo wenye vilemba wanavyozidi kubaki pwani, hata mtu aliye mbali, asiyeweza kuwaona wasio na kilemba, akihesabu vilemba vyekundu vilivyopata nafasi ataweza kujua hao wengine walikuwa wangapi. Nafasi za dau ndizo kingamwili, wenye vilemba ni insulini iliyotiwa iodini, na wasioonekana ni insulini ya mgonjwa. Hivyo homoni ambayo hakuna jicho wala mizani iliyoweza kuiona ikapimwa kwa kuhesabu mshindani wake.

Taabu iliyobaki ilikuwa ya kupata kingamwili zilizo kali na zenye kuitambua insulini ya binadamu, kwani si kila mnyama hutunga kingamwili zifaazo. Waliowafaa ni simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara, ambao wakidungwa insulini ya ng'ombe hutunga kingamwili zinazoishika ya binadamu kwa nguvu. Mwaka 1959 walitangaza habari hii katika jarida la Nature, na mwaka 1960 wakaieleza kwa urefu, pamoja na vipimo vya watu wenye afya na wagonjwa.

Jibu la kwanza la kipimo kile liliwashangaza matabibu. Wengi waliopata kisukari ukubwani walikuwa na insulini katika damu, na aghalabu baada ya kunywa sukari ilipanda kuliko ya watu wasio na maradhi. Harold Himsworth alikwisha dokeza huko London tangu 1936 kwamba wapo wenye kisukari ambao miili yao haiitikii insulini vizuri. Sasa dokezo lile likapata tarakimu. Tangu siku hiyo kisukari hakikuweza tena kuelezwa kuwa ni maradhi ya upungufu tu, na elimu yote ya mwili kuikaidi insulini, ambayo leo hata mhudumu wa zahanati huifahamu, msingi wake umo humo.

Njia ilipokwisha funguka, homoni zilipimwa moja baada ya nyingine: ya ukuaji na ya tezi ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo, zote mwaka 1963, kisha ile inayoiamuru tezi iliyo juu ya figo, kisha gastrini ya tumbo. Katika miaka ya 1970 Jean Dussault, huko Quebec, Canada, aliweza kupima homoni ya tezi ya shingo katika tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi, kutoka kisigino cha mtoto mchanga, na watoto ambao zamani wangalikua na akili iliyodumaa wakaanza kutibiwa kabla dhara halijaingia. Mwaka 1970 maabara ya Bronx ilitumia njia hiyohiyo kutafuta virusi vya homa ya ini B katika damu inayotolewa na wachangiaji. Na hapo kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya homoni kikawa mlinzi wa benki za damu.

Yalow na Berson hawakuomba hataza ya kipimo chao. Wangaliweza kujitajirisha, kwa kuwa biashara ya vipimo hivyo ilikuja kuwa kubwa sana, lakini walichokifanya ni kuwapokea wageni kutoka nchi mbalimbali na kuwafundisha, kisha wakawaacha waende na kipimo hicho. Naamini hiyo ni sababu mojawapo iliyokifanya kienee kwa upesi ule.

Mnururisho wenyewe haukudumu katika kila maabara, kwa kuwa una hatari yake, na iodini hiyo hupoteza nguvu kadiri siku zinavyopita. Mwaka 1971 wanazuoni wa Stockholm, Eva Engvall na Peter Perlmann, na wengine wa Uholanzi waliokuwa wakifanya kazi yao mbali nao, waliweka kimeng'enya chenye kubadili rangi mahali pa iodini. Njia hiyo, iitwayo ELISA, ndiyo iliyotumika tangu 1985 kuipima damu kwa ajili ya virusi vya ukimwi, na ndiyo iliyoingia katika benki za damu za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Hata kile kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika katika zahanati zetu, ambacho tone la damu ya kidole hutambaa juu yake na mstari ukajitokeza, hufanya kazi kwa kingamwili zilizobandikwa juu ya utepe. Na ingawa hakuna mashindano ya abiria ndani yake, ni cha ukoo uleule wa kuitumia kinga ya mwili kuwa chombo cha kuonea kisichoonekana.

Berson hakuyaona mengi kati ya haya. Mwaka 1968 alihamia Mount Sinai kuwa mkuu wa idara ya utabibu, na tarehe 11 Aprili 1972, akiwa mkutanoni Atlantic City, moyo ulisimama akafa, umri wake miaka 53. Wapo waliodhani kwamba Yalow, asiye tabibu, hataweza kuendelea peke yake. Yeye aliomba maabara ipewe jina la Solomon Berson, ili jina hilo lizidi kuchapwa juu ya kila makala yatakayotoka humo, akaongeza saa zake za kazi, na mwaka 1977 akapewa nusu ya tuzo ya Nobel ya utabibu, akiwa mwanamke wa pili kuipata tuzo hiyo baada ya Gerty Cori wa mwaka 1947. Nusu ya pili waligawana Roger Guillemin na Andrew Schally, waliokuwa wakichunguza homoni za ubongo. Kanuni za tuzo hazimpi marehemu, na kwa hiyo Berson hakutajwa miongoni mwa washindi. Yalow alifariki Bronx tarehe 30 Mei 2011, umri wake miaka 89. Kwa hukumu yangu mimi, kanuni ile ni ya halali lakini haikufanya haki, na vitabu vya shule vinavyokiita kipimo kile cha Yalow peke yake vinapaswa kusahihishwa.